Ngozi Haipewi Sauti

Ilikuwa chumvi tu. Kikombe kimoja cha chumvi, kupeleka kule zizini kabla ng'ombe hawajaanza kukamuliwa, basi. Nani anafikiri maisha yake itapinduka kwa kikombe cha chumvi?

Isidore alishuka kilima cha Kirolirwe jioni ile, mwisho wa mvua za mwaka cinquante-six, hamsini na sita, na ukungu ulikuwa unamufuata nyuma kama mudai. Viatu vyake vya seminari vilikuwa vimeshafungua midomo mbele. Muntu wa diplôme, huyo. Alikaa kwa Mapadri mpaka akaota ndevu: Kilatini, hesabu, umeme. Alipotoka, akazunguka bureau za wazungu, ofisi moja mpaka ingine, na bureau zote zikamujibu neno moja: *Revenez.* Rudi kesho. Alikuja kujua kwamba kesho ya wazungu haina asubuhi.

Kitu kimoja tu walimupatia. Mapadri walipopata machine mpya ya sinema, wakamutupia sanduku la sauti la machine ya zamani, namna unatupia mbwa mufupa. "Tiens, Isidore, toi qui aimes la musique. Shika, wewe mupenda muziki." Ndani kulikuwa na lampe, vile vichupa vya kioo vinavyowaka moto na kukuza sauti, pamoja na haut-parleur, ile bakuli ya karatasi inayotetemeka. Isidore akang'oa kisikilizio cha simu mbovu, akakibandika kwenye tumbo la gitaa yake, akavuta waya mpaka kwenye sanduku.

Ikasikika. Lakini sanduku lile lilikuwa na tabia ya chef de bureau, mukubwa wa ofisi: ukiliomba kidogo, linakupa kidogo, na dharau juu yake. Ukifungua bouton, kile kifungo cha kuongeza sauti, kidogo tu, inatoka nyembamba, kavu, nzi ndani ya chupa. Ufungue sana, lampe zishibe moto, hapo njo sauti inanenepa, inakwaruza kidogo pembeni, inavuta kama asali ya musitu. Utamu wote ulikaa juu. Chini hakukuwa kitu.

Na juu kulikuwa kumekatazwa.

Umeme ulikuwa wa ferme, lile shamba la ng'ombe, na groupe, machine ya kutoa umeme, iliwashwa saa ya kukamua tu, juu ya kuzungusha machine ya kutenga siagi. Saa ile ile. Na saa ile ile njo ng'ombe hawapendi kelele. Ng'ombe akishituka anafunga maziwa, huwezi kumubembeleza. Patron, muzungu mwenye ferme, alishasema mulangoni, kiboko chini ya kwapa: "Isidore, cheza kwenye dépôt yangu ya magunia, sawa. Lakini nikipoteza litre moja, nakata waya yako."

Basi angeacha. Wengine wangeacha. Lakini Jumamosi ile alikuwa anakuja ingénieur wa mine, mugodi wa Walikale, rafiki ya Patron. Cercle yao kule, ile nyumba ambamo wazungu wa mine wanakula na kunywa jioni, ilitafuta mupiga gitaa. Atapewa mushahara. Atapewa nyumba ya matofali. Sharti moja: wakubwa wanataka kuongea wakikula. Sauti iwe ya chini, lakini iwe nene. "Doux, mais plein," Patron alisema, kama vile anaagiza mukate.

Kwa Isidore hiyo haikuwa muziki. Ilikuwa mulango wa mwisho.

Alijaribu yote. Alifunika sanduku na blanketi, likaongea kama muntu aliyezibwa kinywa. Akaligeuzia ukutani. Akalisukuma katikati ya magunia ya maharagwe. Akachukua waya wa ndani ya pasi mbovu ya Madame, bibi ya Patron, akaufunga kati ya lampe na haut-parleur, upate kukula nguvu kidogo. Ukakula nguvu, ukakula na roho.

Ndivyo ilivyokuwa jioni ile ya chumvi.

Papa Kanamugire, muchungaji mukubwa wa ferme, alimuona akikanyaga mavi ya ng'ombe kwa adabu, kikombe cha chumvi mukononi.

"Karibu, Docteur," akasema. "Diplôme yako inajua kukamua?"

"Inajua kusoma, papa."

"Basi unisomee hii ng'ombe. Anasema nini?"

Ilikuwa Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu. Mutavu wake, ndama wa mwezi mumoja, alikuwa amekufa. Na kila mufugaji wa Masisi anajua dawa ya hiyo: unatunza ngozi ya mutavu, unaitandika juu ya vijiti mbele ya mama yake, unapaka chumvi. Mama ananusa. Analamba. Anadanganyika, maziwa yanashuka.

Kanamugire akapaka chumvi. Bihogo akanyoosha ulimi. Zizi lote lilikuwa linaimba, maana huko ng'ombe anaimbiwa akikamuliwa, anasifiwa ukoo wake mpaka bibi ya bibi. Kwa Bihogo tu kulikuwa kimya. Isidore akaanza kupiga muluzi kidogo, bila kufikiri.

Kamba ya kukamulia ikamupiga kwenye muguu.

"Ceceka," Kanamugire akanong'ona. Nyamaza.

"Juu ya nini? Wengine wanaimba."

"Wengine wako na mutavu muzima. Hii ngozi inadanganya macho na pua, basi. Ng'ombe anajua ni uongo, anakubali, sisi wote tunakubali. Ngozi haipewi sauti. Ukiipatia sauti, haitakuwa uongo tena."

"Itakuwa nini?"

Muzee akatema mate pembeni. "Miye niko muchungaji. Uliza diplôme."

Isidore hakumusikia vizuri. Alikuwa anasikia kitu kingine. Bihogo aliguna, pua yake ndani ya ngozi, na muguno ule ulipita kwenye ngozi ukatoka upande wa pili... mudogo. Lakini muzima. Haukupungua unene. Ulipungua ukubwa tu.

*Doux, mais plein.*

Kesho yake muchana, wachungaji wakiwa malishoni, aliiba ngozi.

Aliikaza kwa misumari kwenye kinywa cha sanduku, nywele ndani, upande wa nyama nje. Dépôt ikajaa harufu: chumvi, mate ya ng'ombe, maziwa yaliyolala. Jioni groupe ikanguruma. Lampe zikawaka, nyekundu. Isidore akafungua bouton mpaka mwisho, akafunga macho, akapiga kamba moja.

Mungu wangu.

Ilikuwa sauti ya kuongea sikioni. Ndogo. Lakini nene, ya moto, na ile mikwaruzo yake pembeni kama ngozi ya kidole cha mama. Alipiga ya pili, ya tatu, machozi yakamukaribia. Miaka yote ya *revenez*, na hii hapa, hakuna aliyemupatia, alijifanyia mwenyewe.

Akatua kiganja juu ya kamba kuzinyamazisha.

Kamba zikanyamaza.

Sauti haikunyamaza.

Mmmh... mmmh...

Ilitoka nyuma ya ngozi. Ngozi ilikuwa inaingia kidogo, inatoka kidogo. Inapumua. Na kule nje, nyimbo za wakamuaji zilikatika moja moja, mpaka ikabaki groupe peke yake.

Kwato kwenye udongo. Polepole.

Mulango ukasukumwa. Kichwa chekundu kikaingia, pembe zikikwaruza mbao. Bihogo. Kamba ya zizi ilikuwa imekatika shingoni mwake, na chini ya tumbo, bila mukono wa muntu, maziwa yalikuwa yanachuruzika kwenye vumbi... tsss... tsss...

Nyuma ya ng'ombe alisimama Kamaliza, dada ya Isidore. Blouse yake ilikuwa imelowa mbele, pande zote mbili.

"Kaka," akanong'ona, "juu ya nini unamuficha mu sanduku?"

"Nani?"

"Umusikie. Iko na njaa."

Isidore hakuuliza tena. Alijua. Kamaliza alizika mutoto wake juma lile lile mutavu alikufa. Homa ilikuwa imemukausha maziwa, na mama yao alipanda ferme na kikombe, akiomba maziwa ya Bihogo kidogo tu. Walimujibu kwamba maziwa yote iko ya machine. Mutavu naye alikuwa anasukumwa mbali na mama yake, juu machine ishibe kwanza. Siagi ilifungwa vizuri ndani ya karatasi, ikashuka Goma. Mutavu na mutoto walikufa kwa ugonjwa mumoja, na jina la ugonjwa huo lilikuwa siagi.

Sasa Kamaliza, aliyekauka, alikuwa anatiririka.

Kanamugire alifika akihema. Aliangalia sanduku, akaangalia ngozi, hakutukana. Hiyo ilimuogopesha Isidore kuliko matusi.

"Toa," muzee akasema chini chini. "Toa sasa, tuizike na chumvi. Leo bado ingali inaomba tu."

"Jumamosi, papa. Ingénieur akinisikia tu, nitaizika mwenyewe."

"Jumamosi itakuwa haiombi tena. Itakuwa inachukua."

Labda Isidore angekubali. Alishika shoka la kung'olea misumari, hiyo ni kweli. Lakini Patron aliingia wakati ule, akaona Bihogo anatiririka bila kukamuliwa, akaita ndoo. Ndoo ikajaa. Akaita ingine.

"Mais continue donc, Isidore, endelea," akasema, uso wake unang'aa. "Elle donne, elle donne. Anatoa tu."

Basi akaendelea.

Kila jioni groupe iliponguruma, Bihogo alikuja mwenyewe. Mbavu zake zikaanza kuonekana. Kila jioni alitoa zaidi, na Ijumaa maziwa yalikuwa na rangi ya pinki, Patron akasema ni majani. Kamaliza alikaa chini mbele ya sanduku, miguu imenyooka, kama mama aliyetoka kuzaa. Hakula. Mashavu yaliingia ndani. Mama yao alimufunga nguo kavu kifuani, nguo ikalowa mbele ya macho yake.

Ijumaa ile Isidore alirudi dépôt kuchukua gitaa yake, groupe imeshazimwa, mwanga wa jioni ungali kwenye dirisha. Akasikia kitu. Kitu chepesi, cha maji maji. Lapu... lapu...

Kamaliza alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Kikombe cha chumvi kilikuwa pembeni yake.

Alikuwa anailamba ngozi.

"Kamaliza."

Aligeuka taratibu. Midomo yake ilikuwa myeupe ya chumvi. "Ananyamaza nikimufanyia hivi," akasema. Kisha: "Utaenda naye Walikale?"

"Sijachukuliwa bado."

"Watakuchukua. Iko analia vizuri sana." Akapanguza mudomo. "Uniachie yeye, kaka. Wewe uko na masomo. Miye niko na nini?"

Swali lile hawafundishi kwa Mapadri. Isidore akachukua gitaa yake, akatoka, na alipokuwa nje akajiambia kwamba ni homa, deuil ya musiba, mambo ya wanawake. Muntu aliyesoma hakosi jina la kupatia kitu asichotaka kuona.

Jumamosi jioni, groupe ikinguruma, kwenye barza ya nyumba ya Patron. Viti, bière, ingénieur mwenye shingo nyekundu. Isidore aliweka sanduku karibu na mulango, akapiga. Wazungu waliendelea kuongea kidogo... kisha wakaacha. Ile sauti haikupanda juu ya maneno yao. Ilipita chini, ikafika kwanza.

"C'est tout petit," ingénieur akasema, mukono kwenye kifua. "Et c'est immense. Ndogo, na kubwa ajabu. Unafanya namna gani?"

"Ni ngozi, Monsieur l'Ingénieur. Inalainisha."

"Ingénieux. Akili kweli. Lundi, unapanda camion yangu."

Kule zizini kitu kizito kilianguka. Bihogo. Walipomugeuza, kiwele kilikuwa bado kinachuruzika, na kilichochuruzika hakikuwa maziwa tena. Kanamugire alimufunika macho na kiganja. Alipopita mbele ya barza hakumuita Isidore Docteur. Hakumuita kitu.

Jumatatu asubuhi Isidore alisimama mbele ya sanduku na shoka ndogo mukononi. Misumari ilikuwa michache, kazi ya kufunga na kufungua jicho. Nje klaksoni ya camion ikalia mara ya kwanza. Mama yake alisimama mulangoni, akiangalia shoka tu. Bila ngozi: nzi ndani ya chupa, na ingénieur atasema *revenez*. Klaksoni ikalia tena.

Akalaza shoka chini.

Kamaliza alifuata camion kwa miguu. Alitembea tu, mikono chini ya matiti kama muntu anayebeba bakuli iliyojaa, na nyuma yake barabara ilikuwa na matone. Rukara, chauffeur wa camion, alimuona kwenye kioo.

"Ule ni nani yako?"

"Dada."

"Nipunguze mwendo?"

Isidore aliangalia mbele. "Twende."

Walikale ni musitu na joto, na mine inayokula vilima usiku na muchana. Cercle ilikuwa na taa, vitambaa vyeupe, na fence ya waya kuizunguka. Ng'ambo ya waya ilianza camp ya wafanyakazi. Isidore alipewa nyumba ya matofali. Alipewa shati. Siku za kwanza alijaribu ngozi ya mbuzi, akafunga bouton, akafungua, akajaribu hata jani la ndizi. Nzi. Nzi ndani ya chupa. Akarudisha ngozi ya mutavu.

Jioni ile mwanamuke mumoja alikuja kusimama kwenye fence.

Alishika waya, akasikiliza. Mbele ya nguo yake kulikuwa na alama mbili nyeusi za maji.

Mwaka ule surua ilikuwa imepita kwenye camp na kuchagua wadogo. Kesho yake walikuwa wanawake wengi. Walikuja saa Cercle ikiwasha taa, kila mumoja na kitambaa cha kubebea kimefungwa mugongoni, na ndani ya kitambaa hakuna kitu. Walinzi waliwafukuza na fimbo. Wakarudi. Fimbo zikachoka.

"Hawa bamama banapenda muziki," ingénieur akasema kwa Kiswahili chake cha kiboko, akainua glasi kuwasalimu.

Hakuna aliyemusalimu.

Ni Rukara aliyeleta habari. Alipakua mifuko kwanza, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akamuvuta Isidore nyuma ya camion.

"Dada yako... pole, kaka. Walimukuta kwenye dépôt. Alikuwa ameweka sikio kwenye ukuta, pale sanduku ilikuwa."

"Homa?"

"Sijue. Mwepesi. Papa Kanamugire alimubeba peke yake, namna unabeba kibuyu. Kikavu." Rukara aliangalia chini. "Mama yako anasema usirudi."

Isidore alikaa juu ya gunia. Alitaka kulia, na macho yake ilikuwa na ukavu wa chumvi. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya musitu. Kule Cercle vijiko vilianza kugonga sahani, na boyi akaja mbio kidogo, kitambaa begani.

"Papa Isidore, on vous attend. Wanakungoja."

Alijiambia hatapiga. Ataingia, atavunja sanduku mbele yao, atasema kwa Kifaransa kizuri kila kitu alichomeza tangu seminari. Alikuwa na sentensi tayari, zenye subjonctif, ile sarufi ya waliosoma. Akaingia. Sahani zilikuwa zinatoa mvuke. Ingénieur akamuonyesha kiti kwa kidole kimoja, bila kukatisha maongezi. Na Isidore akakaa. Shati ilikuwa yao. Nyumba ilikuwa yao. Kule Kirolirwe mulango umefungwa.

Akapiga kamba moja.

Kilio hakikuwako.

Kwa mara ya kwanza, kile kilio kidogo chini ya sauti hakikuwako. Mahali pake kulikuwa na kitu kingine, chini kabisa, nyuma ya ngozi. Muntu anaimba huku midomo imefungwa. Wimbo ule Kamaliza alikuwa anamubembelezea mutoto wake, jikoni, akigeuza maharagwe. Na ndani ya wimbo, laini, bila haraka...

Nyu. Nyu. Nyu.

Mutoto ananyonya.

Sauti haijawahi kuwa tamu vile. Wazungu waliweka uma chini. Madame mumoja alishika koo yake, na macho yake yakawa mbali, na Isidore akaona kwenye hariri ya nguo yake alama ndogo ikianza kupanuka.

Ng'ambo ya fence wanawake wote walikaa chini pamoja. Wakafungua vitambaa vya mugongoni, wakavileta mbele, wakavipakata.

Isidore akashika bouton, akaizungusha mpaka kwenye zéro. Sauti haikupungua. Akavuta waya wa umeme. Lampe zikafifia, nyekundu, kahawia, nyeusi. Ngozi ikaendelea kuingia kidogo, kutoka kidogo. Upande wa nje, pale nyama ilikuwa imekauka tangu Kirolirwe, kulikuwa na unyevu.

Nje wanawake wakasimama tena, na waya wa fence ukaanza kulia, mikono mingi inauvuta pamoja.

"Encore," ingénieur akanong'ona. "Tena, Isidore. Doucement, polepole."

Na muntu wa diplôme, aliyekuwa ameshapata kazi, akapiga.